Barua Nne za Mkono Mmoja

Mtaani walimwita Mama Barua, na jina hilo alilitolea jasho. Kibanda chake kilikuwa na upana wa mlango mmoja na nusu: printa, kompyuta iliyopata moto kama buli, stuli ya mteja, na yeye mwenyewe. Ukitaka kopi, ulitolewa kopi. Lakini foleni haikuwa ya kopi. Watu walikuja kuandikiwa barua: za kuomba kazi, za kuwaomba wakwe radhi, na zaidi ya zote, za kuomba ufadhili kwenye shule kubwa za bweni, zile ambazo ada zake ukitajiwa unaomba kwanza maji ya kunywa.

Barua hizo za ufadhili zilikuwa na uti wa mgongo mmoja. Miaka minne nyuma alikuja mlinzi wa benki, mwanawe ana alama za kushangaza, na Mama Barua akamtungia sentensi hii: "Sina shamba wala nyumba ya kumrithisha mwanangu; urithi wake ni elimu, na mkono wangu haufiki ilipo." Mtoto wa mlinzi akapata ufadhili wote. Habari ikatembea. Tangu hapo kila mzazi aliyekalia ile stuli alisema, "Mama Barua, na mimi niwekee ile ya mlinzi." Naye aliiweka. Kwani dawa si ile iliyomponya mwenzio?

Mwaka huu zamu ikawa yake. Bintiye, waliyemwita Wakili kwa sababu tangu aanze kusema hajawahi kukubali jambo bila ushahidi, alichaguliwa na shule mbili. Ya kwanza ni ile ya geti jeusi. Hao waliahidi kulipa nusu ya ada, jibu litolewe kwa simu kabla ya saa sita mchana, Ijumaa. Baada ya hapo nafasi apewe mwingine. Ya pili ni ile ya juu kilimani. Hao, wakikupa, wanakupa yote, hata nauli ya likizo. Ila hawakuwa wamempa. Walimwita yeye na mtoto kwenye mahojiano, Ijumaa hiyo hiyo, saa nne.

"Dada, usiache mbachao kwa msala upitao," kaka yake, fundi wa magari, alimwambia. "Nusu ni nusu."

"Na nusu ya pili niitoe wapi? Kwenye gereji yako?"

"Gereji yangu ina kuku wengi kuliko magari, unajua hilo."

"Basi niuze printa. Mwaka wa kwanza nimelipa. Wa pili?"

Kaka akajikuna kidevu. "Haya, nenda huko juu. Lakini ile ya mlinzi umeiweka?"

Hapo ndipo palipouma. Alikuwa amejaribu mara tatu kujiandikia barua yake bila sentensi ile, na mara zote ilitoka kavu kama orodha ya sokoni. Mganga hajigangi. Mwishowe aliiweka. Moyo ulimkataza, lakini akajiambia: kuna uongo gani? Shamba sina, nyumba sina.

Ijumaa, Wakili alihojiwa kwanza, akatoka amenyanyua kidevu, akaambiwa asubiri kwenye benchi la nje. Mama akaingia. Nyuma ya meza walikaa watu watatu: mwalimu mkuu, mama mmoja wa miwani aliyekuwa akiandika tu, na mhasibu wa shule, mwanamume mwembamba mwenye kalamu nyekundu. Saa ya ukutani ilisema saa tano na dakika kumi.

Mhasibu alipanga karatasi nne mezani kama mtu anayegawa karata. "Soma hapo nilipopigia mstari, mama."

Akasoma. Ilikuwa yake.

"Na hii."

Akasoma. Shamba, nyumba, urithi.

"Na hii."

Ya tatu aliisukuma kando kabla ya kuimaliza.

"Hawa watatu tayari tunawasomesha bure," mhasibu alisema. "Kuna mtu mjini anauza machozi. Nani alikuandikia?"

Njia ya kutokea ilikuwa wazi kabisa. Angesema ni kijana fulani wa stendi, amehama, hajulikani alikokwenda. Nani angemfuata? Aliitazama mikono yake mwenyewe, wino wa printa ukiwa bado kwenye kucha hata baada ya sabuni mbili.

"Nimeandika mimi," alisema. "Zote nne."

Mwalimu mkuu aliinua uso. "Zote?"

"Ndiyo kazi yangu, mwalimu. Watu wanakuja na shida zao, mimi nawapa maneno."

"Na shida zenyewe ni za kweli?"

Kati ya zile tatu za wenzake, ya kwanza ilikuwa ya mlinzi. Huyo angemlia kiapo. Ya pili ya mama mfua nguo. Chumba chake alikijua, mvua ikinyesha ndani hulia ndoo. Ya tatu ndiyo mwiba. Aliyeiagiza ni mwanamume mwenye viatu vya vumbi, aliyesema ni mpakuaji mizigo kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mwezi mmoja baadaye Mama Barua alipita dukani hapo, akamwona mwanamume yule yule amekaa nyuma ya kaunta, anawafokea wapakuaji. Alipita kama hakuona. Barua ilikuwa imeshakwenda.

"Si zote," alisema.

Mhasibu alisogea mbele. "Tutajie huyo mwongo, na faili la mwanao tunalifunga leo leo. Apate yote."

Leo leo! Jina lilimjia hadi kwenye meno. Halafu akamkumbuka binti wa yule bwana, kidato cha pili, aliyekuja na baba yake siku ile akasimama pembeni ya printa akiona haya, macho chini. Yeye hakuandika chochote.

"Sitamtaja."

"Basi na wewe una lako."

"Watu waliniambia mambo ya nyumbani kwao. Nikianza kutaja, hata aliyesema kweli hatalala. Lakini ninyi mna gari. Nendeni kwa wote wanne, bila kupiga simu. Muanze kwangu. Sasa hivi."

Mhasibu alicheka puani. "Ijumaa hii?"

Yule mama wa miwani alifunga daftari lake. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema. "Mimi sina kazi mchana huu."

Saa sita kasoro robo walikuwa njiani, mama wa miwani mbele na dereva, Mama Barua na bintiye nyuma. Simu ilikuwa kiganjani, imelowa jasho.

"Mama, wametupa?" Wakili alinong'ona.

"Bado."

"Sasa kwa nini wanakuja kwetu?"

"Kuangalia."

"Kuangalia nini?"

"Nyamaza, Wakili."

"Mtu akiambiwa anyamaze, ujue upande wa pili umeishiwa hoja."

Bega la mama wa miwani lilitikisika kidogo, lakini hakugeuka.

Saa sita kasoro dakika tano Mama Barua akapiga simu. Karani wa geti jeusi alipokea papo hapo, kama aliyekuwa amekalia simu. "Tulikuwa tunakusubiri, mama. Mnakubali au hamkubali?"

Gari zima lilimsikia. Akisema ndiyo, hawa waliomo garini wangegeuza njia hapo hapo, na kwa haki. Akisema hapana, na huko nyumbani wasiridhike, Wakili angebaki na shule ya mtaani, watoto themanini darasa moja, na kosa lingekuwa la mama yake tu, si la mwingine. Mbachao, mbachao, sauti ya kaka yake ilimpigia sikioni.

"Nusu iliyobaki siwezi kuilipa," alisema, "na leo sitasema naweza. Mpeni mwingine."

"Una hakika, mama?"

"Sina."

Akakata. Wakili akaichukua simu kiganjani mwake, akaifuta jasho kwa sketi.

Nyumbani mama wa miwani alikaa ukingoni mwa kitanda. Alitazama pazia, maboksi ya karatasi yaliyogeuzwa kabati, na ubao wa kupigia pasi ambao juu yake palikuwa na madaftari ya mtoto.

"Anasomea hapo?"

"Akisimama. Akikaa haufikii."

"Na chumba cha pili?"

"Ndicho hiki hiki, ukigeukia huku."

Akaandika mistari mitatu, akashukuru kwa maji, akaondoka. "Mtasikia kutoka kwetu."

Zikapita siku tisa. Kaka mtu alinuna zote tisa. Akija kibandani aliisalimia printa. Siku ya kumi ujumbe ukaja: Wakili amepata yote. Chini yake kulikuwa na mstari mmoja mfupi: "Nafasi imepatikana baada ya mapitio ya wanufaika." Kaka alipiga vigelegele kama mwanamke. Mama Barua alicheka naye, lakini mstari ule aliurudia mara tatu. Alijua nafasi imetoka kwa nani.

Jumamosi mwenyewe akaja. Safari hii viatu vilikuwa vimepigwa rangi. Alisimama mlangoni, akaziba mwanga wote.

"Umeniuza."

"Sikukutaja."

"Uliwaambia waje!"

"Waje kwangu kwanza. Wakaja."

"Mwanao amekalia kiti cha mwanangu."

Wakili, aliyekuwa akibana karatasi kwa stepla, alifungua mdomo. Mama yake alimkata kwa jicho.

"Binti yako wamemfukuza?" Mama Barua aliuliza.

"Hapana. Nalipa mimi sasa. Yote." Alisema "yote" kama mtu aliyeng'olewa jino.

"Basi kiti chake anacho bado."

Mwanamume alimkodolea macho. Ilionekana atapindua kitu. Alichoweza kupindua pale kilikuwa printa tu. Kisha akavuta stuli, akakaa kwa kishindo.

"Nataka barua. Waniruhusu nilipe kwa awamu." Akaangalia pembeni. "Nimezunguka mji mzima. Wengine wanaandika kama polisi."

Mama Barua alifungua ukurasa mtupu kwenye kompyuta, akaweka vidole tayari. Hakuandika neno.

"Nihesabie duka lako," alisema. "Rafu kwa rafu. Kisha uniambie linaingiza nini."

Bwana yule alitazama mlango. Akamtazama Wakili, ambaye alikuwa ameweka stepla chini na kukunja mikono kama hakimu. Akashusha pumzi ndefu.

"Rafu ya kwanza," alianza, "misumari."