Mume Wangu Anasema Kumchuchumaza Mtu Juani Si Kumtesa

Admin, nifiche. Sema tu ni mama wa miaka arobaini na tisa, wilaya ya Kilosa, kijiji kimoja cha kata yetu iitwayo Ulaya. Wanaonijua watanitambua kwa ubishi. Nimesoma sana, na neno la kijinga halijawahi kupita mbele yangu bila kujibiwa. Lakini safari hii nimechoka, ndugu zangu. Nimechoka kumshinda mtu kwa hoja kisha kumwona anakula ugali wake kama hakusikia kitu.

Mume wangu alikuja huku na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa. Leo ndiye kamanda wa sungusungu, walinzi wetu wa kijiji. Mwezi uliopita ng'ombe dume wa jirani alipotea, wakamshuku fundi baiskeli, baba wa watoto wawili, eti alionekana asubuhi ile njia ya Dumila. Wakamchuchumaza uwanjani, mikono imepita chini ya mapaja, ameshika masikio, tangu jua linachomoza mpaka linateremka. Akianguka, wanamwinua. Akiomba maji, wanamwambia, "Tupeleke kwa ng'ombe kwanza, mkanywe wote!" Watu wanacheka. Nilipopaza sauti, nikaambiwa haya ni mambo ya wanaume. Mwisho fundi akasema huyo dume amemuuza kule Dumila. Wakapiga filimbi za ushindi.

Baadaye dume akakutwa ng'ambo ya mto, amejichanganya na kundi la ng'ombe wa watu wengine, anakula majani. Fundi yuko hospitali. Miguu haijapata nguvu, na daktari anasema figo zimeumia.

"Mmemtesa mtu bure," nilimwambia mume wangu.

"Nani kamtesa? Nani kamnyanyulia fimbo? Tumemhoji."

"Mbona amekiri wizi ambao haukuwepo?"

"Huyo mwoga. Mimi mwalimu alinichuchumaza, na sikukiri kitu."

"Alikuchuchumaza kutwa, bila maji?"

"Mama watoto, vitabu vyako havikamati mwizi."

Nikamwambia havikamati, lakini na yeye hakukamata. Alichopata ni jibu alilolitaka, na mtu akiumia vya kutosha atakubali hata kwamba amemmeza huyo dume na pembe zake. Akanyanyuka, akaenda kufungua zizi.

Sasa mama mzazi wa fundi amekuja kwangu. Kabla sijamaliza shikamoo akasema, "Mwanangu, wewe uliona. Twende polisi." Wote aliowafuata wamemkatalia, na sababu tunaijua: huku, anayempeleka sungusungu polisi anatengwa. Hasalimiwi, haombwi wala hapewi moto, na akifiwa hakuna wa kumchimbia kaburi. Mama mkwe wangu yuko kitandani, hageuki bila kugeuzwa. Nitamzika na nani?

Mnaotaka kuandika kwamba sungusungu wamepunguza wizi, najua. Hata mbuzi wangu waliwahi kurudishwa. Mnaotaka kuandika kwamba hayo si mateso, chuchumaeni kwanza kama alivyochuchumaa, kisha mwandike mkiwa hapo hapo. Sina nguvu ya kubishana na ninyi.

Waliobaki, nishikeni mkono. Yule mama anarudi Jumatatu kuchukua jibu. Niende naye nikamtaje baba wa wanangu, au nimtazame usoni nimwambie sikuona kitu?