Kimea cha Kwenye Bani

Nakumbuka siku niliyosema, "Nilifanya kama kawaida," na maneno hayo matatu yakataka kumtoa mjane wa watu nyumbani kwake. Kaeni niwasimulie, ingawa leo sina subira nyingi, na aliyeniudhi anajijua.

Mmoja wenu alinipigia simu juzi. Sitamtaja. Yuko mtaa wa Ng'ambo, mjini Tabora, amepanga chumba, na anatengeneza wanzuki, pombe ya asali, kwa ajili ya kipaimara cha mdogo wake. Wanzuki wenyewe uko kwenye ndoo siku ya tatu na haujatoa hata povu. Nikamwuliza alifanyaje. "Kama kawaida, bibi." Maji uliyachemsha? "Kama kawaida." Chachu uliitia maji yakiwa ya moto au yamepoa? "Jamani bibi, si nimekwambia kama kawaida!" Kisha, kabla sijavuta pumzi, akaniambia kuna mama wa chumba cha pili alipita, akafunua ndoo, akachungulia. Hapo simu ilikatika. Amewaambia wenzake ni mtandao. Haukuwa mtandao, niliikata mimi.

Niliikata kwa sababu sauti ile ninaijua. Ni yangu mwenyewe nikiwa na umri kama wake.

Nilizaliwa Puge, nikaolewa kijiji kimoja njia ya kwenda Sikonge, kwa wakulima wa tumbaku. Mwaka wangu wa pili pale, mama mkwe aliniachia kwa mara ya kwanza nipike pombe ya mtama peke yangu. Ilikuwa pombe ya kazi: majirani waje kung'oa karanga zetu, wakimaliza wakae wanywe. Kupewa chungu kile kulikuwa kama kupewa funguo za nyumba, na mimi nilitaka kila mtu ajue kwamba wa Puge tunaweza.

Kwa faida ya wale wanaoijua pombe ya chupa tu: mtama unalowekwa, unavundikwa mpaka uote, kisha unaanikwa juani ukauke polepole. Hicho ndicho kimea. Ukikisaga ukakitia kwenye uji uliopoa kiasi cha kidole kuvumilia, uji unalainika, unakuwa mwepesi na mtamu, na kesho yake unaanza kutokota wenyewe bila moto. Bila kimea kizima una chungu cha uji, basi.

Mwaka ule mvua iliniandama. Nikianika, inanyesha, naanua mbio. Nikianika tena, inanyesha tena. Kimea kikaanza kutoa harufu ya uvundo, na siku ya karanga imeshatangazwa kijiji kizima. Nyuma ya nyumba lilikuwapo bani la baba mkwe, kile kijumba cha udongo ambamo majani ya tumbaku hukaushwa kwa moto wa kuni. Baba mkwe alikuwa amekataza mtu yeyote kugusa mlango wa bani likiwa na moto, maana ukiingiza ubaridi majani yanaharibika rangi, na rangi ndiyo iliyotulisha mwaka mzima. Nilimngoja aende kuoga. Nikafungua, nikatandaza kimea changu juu ya gunia karibu na moto, nikafunga. Jioni, alipokwenda kula, nikakitoa. Kilikuwa kimekauka mpaka kinalia menoni! Nikajiona nina akili kuliko wote waliopika pombe kabla yangu. Mwanangu, siku ukijiona hivyo, tafuta kiti ukae kwanza.

Kesho yake asubuhi nikapika. Uji ulipopoa, nikiwa natia kimea, akapita Kabula. Huyu alikuwa mjane, jirani yetu wa upande wa mashariki, wa rika la mama mkwe, macho yamekuwa mekundu kwa miaka mingi ya moshi wa kupikia watu pombe. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Akainama juu ya chungu, akavuta harufu, akaniangalia usoni. "Kimea chako kimekauka," alisema. Akangoja kidogo. "Kimekauka sana." Mimi nikasema asante. Nilidhani ni sifa! Akatikisa kichwa akaenda zake.

Uji haukulainika. Nilikoroga mpaka mkono ukauma, ukabaki mzito vile vile. Nikaongeza kimea. Nikaongeza maji. Nikaongeza kuni. Nikaiba na sukari kabatini nikaongeza. Mambo manne kwa mkupuo mmoja, hata kama uji ungepona nisingejua umeponywa na nini. Asubuhi ya pili ulikuwa umelala kimya, hauna povu, hauna harufu, na juu umeshika utando kama uji wa mgonjwa uliosahauliwa.

Mama mkwe akaja, akachovya kidole, akaonja.

"Ulifanyaje?"

"Nilifanya kama kawaida, mama."

Hakukasirika. Alianza kuuliza taratibu, kimoja kimoja, kama mtu anavyotafuta sindano kwenye mkeka. Chungu ulikiosha kwa sabuni? Hapana. Maji ya kisima kipi? Kile kile. Mtama? Wa ghala letu. Kimea ulikikaushia wapi?

"Juani, mama. Mawingu yalipofunguka."

Akaangalia angani. Na laiti ningeishia hapo! Lakini shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa amesimama mlangoni, akauliza, "Jana nani alipita hapa?" Nikajibu, "Mama Kabula." "Alichungulia chungu?" "Alichungulia." Hakuna neno hata moja lisilo kweli katika majibu hayo mawili, na ndio uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema.

Mnajua kwetu neno kama hilo linavyokimbia. Waliokuja kung'oa karanga walikuta hakuna pombe, wakapewa habari badala yake. Ilipofika jioni Kabula alishakuwa na jicho baya, ndiye aliyeharibu maziwa ya fulani, ndiye aliyekausha ng'ombe wa fulani. Kaka wa marehemu mumewe, ambaye tangu msiba alikuwa akikitamani kiwanja cha mjane yule, akapata alichokuwa anakingoja. "Lisemwalo lipo," akawa anasema kila alipokaa, na akapeleka shauri kwa wazee: Jumamosi baraza likae, mwanamke yule ahame. Kila mtu alijua anatafuta kiwanja. Lakini kisingizio nilimpa mimi, tena bure.

Siku mbili nilinyamaza. Nilipima: nikitaja bani, baba mkwe atanirudisha Puge. Nikinyamaza, Kabula atahamishwa. Nikajiambia, ana binti yake kule kijijini Choma, atapokelewa, hatalala njiani. Hivyo ndivyo nilivyojituliza, mimi niliyekuwa mstari wa mbele kanisani kila Jumapili. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha ya kwangu, kifo kikatumwa nyumba ya pili. Mpaka leo nikikumbuka siku mbili zile najikasirikia, na uzee huu haujanipunguzia hasira hata kidogo.

Jumamosi baraza likakaa uani kwetu, kwa kuwa chungu kilikuwa kwetu. Kabula alikuja amejifunga kanga safi, akakaa mkekani peke yake, maana hakuna aliyetaka kukaa karibu naye. Kabla mzee yeyote hajakohoa kuanza, mama mkwe akatoka jikoni na sufuria ya uji na bakuli mbili nyeupe.

"Wazee wangu, mniwie radhi," alisema. "Mmesema huyu mwenzangu ana jicho. Mimi nimeishi naye miaka yote hii sijaliona likifanya kazi. Leo nataka nilione."

Akamimina uji ule ule katika bakuli zote mbili. Katika moja akatia kimea changu kilichobaki. Katika nyingine akatia kimea alichokiomba asubuhi kwa Kabula. Kisha akaziweka mbele ya mjane.

"Haya dada, tazama. Zitazame zote mbili. Usizionee huruma."

Kabula akajifuta macho kwa pindo la kanga, akainama, akazitumbulia macho bakuli zile. Alizitazama, wanangu, kama mtu anayesomesha watoto wawili wabishi. Watu walianza kwa woga, lakini tulivyozidi kungoja mmoja akacheka chini chini, na mwingine akauliza kama anaruhusiwa kupepesa. Kivuli cha paa kilikuwa kimetufikia miguuni mama mkwe alipoinua bakuli ya kwanza akaiinamisha. Uji uliotiwa kimea cha Kabula ulimiminika kama maziwa. Akainua ya pili. Uji wangu ulining'inia, ukafikiri, ukaanguka bonge moja.

"Jicho limetazama zote mbili," alisema. Akachota kimea changu kiganjani, akanijia nilipokuwa nimesimama, akakiweka chini ya pua yangu mbele ya kijiji kizima. "Sasa niambie, mwanangu. Jua gani linanuka tumbaku?"

Nilisema. Nilisema yote, bani na gunia na baba mkwe kwenda kuoga. Baba mkwe alinyanyuka akaondoka. Hakunirudisha Puge, alinitazama tu kila nilipompelekea chakula, mwezi mzima, na ningeona afadhali Puge. Kaka wa marehemu akawa anakagua viatu vyake. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, wakampa Kabula mkono, baraza likavunjika kwa furaha. Nami nikadhani yamekwisha.

Nilimfuata Kabula nyumbani kwake, nikapiga magoti, nikaomba msamaha. Akaniinua.

"Ule moto uliokiua kimea chako niliusikia puani asubuhi ile ile," aliniambia. "Nilikuwa na debe zima la kimea humu ndani. Nikawa nangoja uniambie, nikuletee."

Nikamwuliza, kwa nini basi hukusema walipoanza kukusingizia?

"Nilijua ulifanya kosa la mgeni. Nikasema, asubuhi atasema mwenyewe. Ilipopita asubuhi, nikasema, kesho."

Karanga zilipokwisha, Kabula alifunga nyumba yake akahamia Choma kwa binti yake. Tulimwendea tukamsihi. Alisema hana kinyongo na mtu, ila kila akitoka kuchota maji anakutana na wale walioitika haraka ahame, na hajui tena awasalimu vipi. Kabla ya mvua nyingine shemeji yake, yule kaka wa marehemu, alikuwa amelima mpaka mlangoni. Siku aliyoondoka, mama mkwe, ambaye tangu baraza hakuwa amenikaripia hata mara moja, alisimama uani akinitazama. "Kimea kingine tungepata," alisema. "Kabula mwingine nitampata wapi?" Akaingia ndani akalia. Mimi ndiye niliyemliza, kwa kuogopa kugombezwa.

Kwa hiyo nisikilizeni, na wewe wa Ng'ambo weka simu chini usikilize vizuri. Kitu kikiharibika mikononi mwako, usiniambie kawaida. Ingekuwa kawaida kisingeharibika! Niambie ulichofanya, hatua kwa hatua, na ile hatua unayotamani kuiruka anza nayo hiyo hiyo, kwa maana mara nyingi ugonjwa umelala hapo. Usibadilishe vitu vinne kwa wakati mmoja kama mwendawazimu. Chota kidogo pembeni, badilisha kimoja, ngoja uone. Kama chachu uliitia kwenye asali ikiwa ya moto, umeiua, hakuna mchawi hapo. Sasa imeshapoa, tia chachu nyingine, ulale usingizi wako.

Na jina la mtu lisitoke mdomoni mwako kabla hujamaliza kujikagua mwenyewe. Kosa la chungu linafutwa kwa chungu kingine. Jina la jirani ukishalichafua, hata ukilisafisha mbele ya baraza na watu wakapiga makofi, mwenyewe ataendelea kulisikia. Nami najua utaniambia, "Bibi, mimi sikumsema, nilitaja tu kwamba alipita." Mwanangu, nami nilitaja tu kwamba alipita. Kama huyo mama wa chumba cha pili umeshamtaja kwa mtu mwingine zaidi yangu, nenda kwa mtu huyo leo ukalirudishe neno lako, kisha ugonge kwa mama mwenyewe. Usingoje kesho. Pengine naye anakungoja, na ana chachu nzuri ndani.

Mungu awape ndimi nyepesi za kukiri na nzito za kutaja wenzenu. Abariki mikono yenu, hata ile inayounguza. Mkikosea, awape ujasiri wa kusema kungali mapema, na awajalie majirani zenu wazeekee kwenye nyumba zao wenyewe.