Tone Langu Kwenye Maji ya Bluu

Nilikuwa nimepanga chumba Msalato, kwenye nyumba ya mama mmoja wa Kigogo ambaye watoto wake walikuwa wametawanyika mikoani. Mimi kwetu Kondoa. Shule niliishia kidato cha pili, kazi yangu kusafisha maabara ya zahanati: kuosha vichupa, kupiga deki. Ila kulikuwa na darubini, na darubini ile ilinifanya nijione bado niko darasani.

Siku moja kaka mmoja, mpimaji wa maabara ile, aliniita nichungulie chembe nyekundu za damu. Niliona kama maandazi madogo yaliyokaliwa, yamebonyea katikati. Akanieleza kuwa hazina kiini kama chembe nyingine, zinaishi kiasi cha miezi minne tu, zinabeba oksijeni mwili mzima na zenyewe haziionji. Zinajiendesha kwa sukari. Nilizionea huruma kweli. Niliwaza zinavyopenya kwenye mishipa myembamba, moja nyuma ya nyingine, bila hata salamu.

Na mimi siku zile nilikuwa naishi kwa chai. Kujipikia peke yako kunavunja moyo. Unasonga ugali, unakula kipande, unaobaki unakutazama. Basi ikawa chapati na chai ya rangi nzito asubuhi, wali maharage na chai hiyohiyo jioni. Redio inaongea, mimi naijibu.

Ndipo mama mwenye nyumba akaambiwa afanyiwe upasuaji wa uvimbe kwenye kizazi, na atafute watu wawili wa kumchangia damu. Alikuja mlangoni kwangu mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mwanangu," alisema, "hapa mjini nina wewe tu."

Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia hivyo tangu nihamie. Nilikubali kabla hajamaliza.

Huku kwetu kila mtu atakwambia maua mekundu ya rozela yanaongeza damu. Nilichemsha sufuria nzima ya maua yale, nikanywa wiki mbili mpaka ulimi ukawa mwekundu. Nikaamini nimejaa. Nikaanza kuota: damu yangu ikishaingia kwake, tutakuwa ndugu, atanigongea mlango tule wote ugali kwa mlenda.

Siku ya kuchangia, muuguzi wa hospitali alinitoboa kidole, akadondosha tone kwenye kichupa cha maji ya bluu. Damu yenye nguvu huzama. Tone langu lilishuka kidogo, likasita, likapanda juu likaelea. Akarudia. Likaelea tena.

"Dada, huyu wa kuongezewa ni wewe," alisema.

Kaka wa maabara aliposikia habari za rozela alicheka mpaka akaegemea meza. Alisema wekundu wa damu unatokana na chuma, na chuma hicho ndicho kinachoishika oksijeni. Maua yangu yalikuwa yamepaka ulimi rangi. Tena ile chai ya kusindikizia chakula ilikuwa inazuia madini hayo yasiingie mwilini. Akanielekeza nikachukue vidonge.

Nilimkuta mama anakunja kanga za kwenda nazo hospitali. Nilimwambia huku nikitazama chini. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Wapwa zake wawili walikuja kutoka Buigiri, wakatoa damu, akapasuliwa salama. Kisha wakamchukua akapumzike kwao, na huko akabaki. Mlango wake ukawa na kufuli.

Niliendelea na vidonge. Nilikula dagaa, maharage, maini nikipata, na chai nikaisogeza mpaka chakula kitulie. Miezi ilipita, nikarudi kwa muuguzi yuleyule. Safari hii tone lilizama kama kokoto. Niligeuka nimwonyeshe mtu. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu.

Nilijilaza, mfuko ukajaa taratibu, ukapelekwa kwenye friji. Wakanipa soda na biskuti. Nikampigia mama simu, nikamwamkia. Aliniuliza damu hiyo nimempa nani. Nikasema simjui, ni kwa yeyote atakayeihitaji. Akashukuru kana kwamba ni yeye aliyepewa.

"Na nani amekusindikiza?" aliuliza.

Nilitazama kile kiti.

"Tumekuja wengi, mama," nilisema.

Akafurahi sana. Akasema basi sasa ana amani, ananiona nimepata watu. Nikamalizia soda yangu polepole, kama nilivyoagizwa, nikaondoka kuelekea nyumbani.