Radhi ya Kwenda Barafuni

Baba yangu hakusema hapana. Angesema hapana ningejua pa kuanzia, maana kubishana najua, na aliyenifundisha ni yeye mwenyewe. Alisema, "Nimesikia," akaendelea kupanga sufuria zake. Katika nyumba yetu "nimesikia" ya baba si ndiyo wala si hapana. Ni mlango uliorudishwa bila kufungwa, nawe umebaki nje hujui ugonge au uende zako.

Nilikuwa nimekuja Singida likizo, mwezi wa saba, wakati upepo wa mji wetu hauna adabu hata kidogo. Baba anauza vyombo karibu na soko: sufuria, ndoo, mabeseni, chupa za chai. Mwezi wa saba huvaa makoti mawili, akakaa mlangoni pa duka na kumwambia kila mteja kwamba baridi ya mwaka huu haijapata kuonekana. Huyo ndiye niliyepaswa kumweleza kwamba nimealikwa kwenda kukaa kwenye hema juu ya barafu ya Antaktika, kule chini kabisa ya dunia, miezi miwili, na kwamba natamani sana kwenda.

Kazi yangu ni kutafuta hali ya hewa ya zamani ndani ya barafu. Kule theluji ya mwaka huu huilalia ya mwaka jana, haiyeyuki, inazidi kushindiliwa mpaka inakuwa barafu ngumu. Ukitoboa kwenda chini unatoa magogo ya barafu yenye unene wa mchi wa kinu. Ndani yake kuna mapovu ya hewa ya enzi hizo, yamefungiwa humo tangu theluji ilipogeuka barafu, pamoja na vumbi na majivu ya volkano. Mwenye kujua kuyapima anaweza kukuambia joto lilikuwaje na ukame ulikuwaje kabla babu wa babu yako hajazaliwa. Ni kazi ya subira, na mimi sina subira, ila kwa barafu tu.

Miaka yote nilikuwa nayapokea magogo hayo maabara, ughaibuni, kwenye masanduku. Nilikaa nayo katika chumba cha baridi nimejifunika kama mlinzi wa usiku. Waliokwenda kuyachimba ni wengine. Nilijiona kama mtu anayekula ugali kila siku na hajawahi kuliona shamba la mahindi. Safari hii nafasi ilikuwa yangu. Kiongozi wetu, mama mmoja mpole lakini asiyependa kusubirishwa, alitaka jibu kufikia Ijumaa. Nisipokwenda, yupo mwingine.

Ningeweza kwenda bila kumwuliza mtu. Nauli ni yao, pasi ni yangu, na umri wangu si wa kuombewa ruhusa. Lakini kwetu mtu hatoki kwa safari ya namna hiyo bila radhi ya mzazi. Si sheria, ni kwamba usipoipata, hata malengelenge ya vidole utajua yametoka wapi. Nilijifahamu. Bila radhi ya baba nisingepanda ndege, na hilo na yeye alilijua.

Nikaanza kukisia kinachomkwaza. Niliona ni mambo mawili. La kwanza, sijaolewa, na shangazi alikuwa ameshasema mbele ya wageni kwamba barafu haizai. La pili, kambi ingekuwa na wanaume wengi. Nikajiandalia majibu ya yote mawili, mengine makali kuliko inavyostahili kumjibu baba, nikawa nazunguka nayo kama mwanafunzi nje ya chumba cha mtihani.

Hakuuliza hata moja. Siku ya kwanza aliniuliza kibla nitakijuaje, nikamwambia kwa vipimo vya setelaiti. Siku iliyofuata aliuliza nitaswali vipi mahali ambapo jua halizami, nikamjibu kama nilivyoelekezwa na sheikh wa kule ninakoishi, kwamba watu hufuata saa za mji wa jirani wenye usiku na mchana. Akatikisa kichwa, akaridhika. Jumatano, akiwa anamfungia mteja beseni, akauliza kama barafu yenyewe imetulia.

Hapo nikafurahi, maana aliligusa somo langu. Nikamwambia haijatulia, inatembea. Nikamwelezea mfano wa uji mzito unaoumimina katikati ya sahani: unasogea wenyewe kuelekea ukingoni. Na barafu ile vivyo hivyo, inasogea polepole mno, mpaka inafika pwani na kumeguka. Akauliza kilichomo ndani yake kinakuwaje. Nikasema kinakwenda nayo.

"Mpaka baharini?"

"Mpaka baharini, baba."

Akamrudishia mteja chenji, akageukia ndoo zake. Mimi nikarudi nyumbani nikijisifu kwamba sasa ameanza kuipenda sayansi.

Alhamisi baada ya chakula cha mchana nilikuwa jikoni na mama, anachambua mchele. Mama ni mtoto wa wakulima wa Ikungi, na maneno hayazungushi. Nilikuwa nimechoka, nikamwaga yote: kwamba kesho ndiyo mwisho, kwamba baba ananizungusha na maswali ya kibla wakati anachotaka ni harusi, na kama anataka harusi si aseme. Mama akacheka kidogo bila kuinua macho kwenye ungo.

"Baba yako hafikirii harusi," alisema. "Anafikiria mazishi."

Nitasema ukweli, kitu cha kwanza nilichohisi ni nafuu. Yale majibu yangu makali nisingeyahitaji. Kisha mama akaendelea, na nafuu ile ikaniishia.

Nilijua kwamba baba mkubwa, kaka yake baba, alikuwa dereva wa malori na kwamba alifia safarini nikiwa bado wa kubebwa mgongoni. Nisilolijua ni kwamba alizikwa na watu wasiomjua, ng'ambo ya mpaka, na habari zilipotufikia alikuwa ameshalala chini siku nyingi. Baba alifunga duka akaenda kumtafuta. Wenyeji walimwonesha kaburi moja. Wenyeji wengine wa palepale wakamwonesha jingine. Akasoma dua kwenye yote mawili, akarudi, na tangu siku hiyo hakulizungumza tena.

"Na wewe," mama akasema, "umekwenda kumwambia hiyo barafu inatembea na kilichomo."

Nikakaa chini. Kila nilichomweleza baba kwa majivuno kilikuwa kimemtisha zaidi: kwamba hakuna udongo, kwamba hakuna wenyeji, kwamba barafu haikai mahali pamoja. Nikajitanda khanga nikaenda dukani.

Ilikuwa baada ya alasiri, wateja wamepungua. Nikageuza ndoo nikaikalia mbele yake. Nikamwambia kule hakuna anayezikwa. Akaacha kufuta chupa ya chai. Nikamweleza taratibu za kambi yetu, kwamba ni marufuku kuacha kitu. Tulichoingia nacho tunatoka nacho: mahema, mapipa, makopo, mabaki ya chakula. Mtu akiugua ndege inamfuata. Likitokea la kutokea na ndege haiwezi kutua, watu wanasubiri naye mpaka itue, na anarudishwa kwao.

"Nisikufiche, baba," nikasema, "hatari ipo. Lakini haachwi mtu. Hata vya chooni tunarudi navyo."

"Vya chooni?"

"Kwenye mapipa. Yanafungwa vizuri, yanapakiwa ndegeni."

Akaniangalia kuhakikisha simtanii. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka muuza viatu wa duka la pili akachungulia. Alipomaliza akajifuta macho kwa mkono wa koti, na macho hayakukauka.

"Kaka yangu nilioneshwa makaburi mawili," alisema.

Nikamwambia mama ameniambia.

"Mimi sikuogopa ufe. Kufa utakufa tu, hata hapa. Niliogopa nije nikutafute."

Akaniambia nilete mikono. Nikamkingia viganja, akasoma dua yake palepale kati ya mabeseni, akanipulizia, akasema amenipa radhi zote, za safari na za kazi, na kwamba nikimaliza kuchimba nirudi. Nilishusha pumzi niliyokuwa nimeibeba wiki nzima, nikalia bila aibu mchana kweupe, na mama mmoja aliyetaka ndoo akasubiri nje kwa heshima.

Nilipotoa simu nimwandikie kiongozi wetu kwamba nakuja, baba akauliza kama huyo ndiye mkubwa wa kambi. Nikasema ndiye. Akataka namba yake.

"Ya nini, baba? Hajui Kiswahili, na wewe Kiingereza hukijui."

"Sitampigia," alisema, tayari ameshika simu yake na amevaa miwani. "Nataka tu safari hii nijue wa kumwuliza. Ikibidi, nitamtajia jina lako. Jina lako atalielewa."

Nikamsomea namba polepole, naye akaiandika.