Mama Cheche na Mashine Iliyokataa Kushoto

Kuna mafundi, na kuna watu wanaobadilisha vipuri mpaka mashine ichoke kukataa. Mama Cheche ni fundi. Kibanda chake cha mabati kiko hatua ishirini tu kutoka gatini: meza moja, kiti kimoja cha wateja kisichotulia, na ukutani waya zimetundikwa kwa rangi zake. Alianza na redio za majirani akiwa msichana, baba yake akigomba kwamba anaharibu mali za watu. Akahamia kwenye pikipiki, kutoka huko akaingia kwenye boti, na hapo ndipo jina la Cheche lilipomganda. Jina alilopewa na wazazi sasa analikumbuka mumewe tu, tena akiwa na shida.

Ukimpelekea mashine, usimtajie ugonjwa. "Sikukuuliza imekufa na nini," atakwambia. "Nimekuuliza ilikuwa inafanya nini ilipokufa." Na hashiki spana mpaka aje mwenyewe aliyekuwa akiiendesha, akae anavyokaa, ashike anavyoshika. Wenye haraka huona anawapotezea muda. Waache waone.

Asubuhi moja Tajiri alimjia amefura. Huyu ana boti tatu za kuvusha abiria, na moja ilikuwa imezima katikati ya maji mara nne ndani ya wiki, watu wakavutwa kwa kamba hadi ukingoni. Nyuma yake alikuja nahodha wa boti hiyo, mwanamume wa makamo aitwaye Kimya, na aliyemwita hivyo hakumsingizia.

"Fundi, nifungulie tangi," Tajiri alisema. "Huyu anauza petroli yangu na kujazia maji. Nataka ushahidi, nimfukuze leo leo."

Kimya alitazama viatu vyake. Miaka tisa kwenye usukani ule, na sasa anaitwa mwizi mbele ya wabeba mizigo na wauza tiketi.

Mama Cheche akashuka nao hadi kwenye boti, akachota petroli kwenye chupa ya kioo, akaiacha itulie. Kama ingekuwa na maji, yangeshuka chini yakajitenga. Hayakuwepo.

"Basi anaiharibu kwa njia nyingine," Tajiri akasema. Mtu akishaamua, utamfanya nini?

Mama Cheche akamgeukia Kimya. "Baba, inazima ukifanya nini?"

"Nikikata kushoto."

"Ulimwambia bosi?"

"Mara tatu."

Tajiri akacheka. "Mashine inajua kushoto na kulia? Ilisomea wapi?"

Mama Cheche akainamia mashine. Alifungua plagi, akaigusisha kwenye chuma, Kimya akavuta kamba ya kuwashia: cheche ikaruka, ya buluu, yenye nguvu. Akairudisha plagi. Boti ikiwa imefungwa gatini, wakaiwasha, ikanguruma vizuri. Kisha akamwambia Tajiri avue viatu aingie akae kwenye usukani yeye mwenyewe. Tajiri akanung'unika, akaingia. Akakata kulia, mashine ikaendelea. Akakata kushoto, ikazima. Wakaiwasha tena, akakata kushoto, ikazima tena mikononi mwake mwenyewe. Wauza tiketi waliangaliana, wakajifanya wana kazi.

Hapo Mama Cheche alishajua pa kutafuta. Mashine ya boti huzimwa kwa waya mmoja mwembamba unaotoka kwenye swichi. Waya huo ukigusa bodi ya chuma, plagi hazipati moto. Akaufuata kwa kidole mpaka pale mashine inapogeukia, akaona shaba inang'aa. Ganda la waya lilikuwa limechanika, mstari mwembamba kama wa wembe.

Tajiri alikuwa keshachungulia begani kwake. "Umekatwa huo. Kwa kisu. Na anayeshinda na mashine ni mtu mmoja."

Lakini Mama Cheche alikuwa haangalii waya tena. Aliangalia utepe mweupe wa plastiki ulioubana waya ule kwenye ukingo wa chuma. Ncha ya utepe ilikuwa imekatwa mshazari, na gati zima ni mkono mmoja tu unaokata hivyo: wake mwenyewe. Mwezi uliopita, alipofunga swichi mpya, aliubana waya mno, haukubaki na nafasi ya kucheza. Kila Kimya alipokata kushoto, ulivutika na kusugua chuma. Aliona aibu, alitamani ardhi ipasuke immeze. Na alijua angeweza kuukata utepe ule, kuuficha kiganjani na kusema chochote. Angeaminiwa yeye.

"Hakuna kisu hapa," alisema. "Utepe huu nimeufunga mimi. Nimekosea mimi."

"Wewe?" Tajiri hakuamini. "Fundi mzima?"

"Mimi. Na siku ile nilizifungia swichi boti zako zote tatu. Zile mbili ziko wapi?"

Moja ilikuwa imefungwa upande wa pili wa gati. Nyingine ilikuwa majini, imejaa abiria. Tajiri akatoa simu, akapiga. "Rudi," alimwambia nahodha wake. "Rudi polepole, usikate kushoto. Sikiliza ninachokwambia, kushoto usikate kabisa."

Walisubiri. Mama Cheche alifungua ile iliyokuwa gatini, akakuta ganda la waya limeliwa nusu. Ya abiria ilipofika na watu kushuka, waya wake ulikuwa umebakiwa na ngozi nyembamba, wa kumalizika siku yoyote. Alizifunga upya zote, kila waya akaupa nafasi ya kucheza, na kila alipomaliza alimwita Kimya aje akate kushoto mpaka mwisho. Saa nane na nusu mashine zote zilikuwa zinanguruma.

Tajiri alikuwa kando, viatu bado mkononi. Halafu akamsogelea Kimya. "Uliniambia mara tatu," alisema.

"Nne, na ya leo," Kimya akamjibu, akaenda kupakia abiria.