Honi Iliyotoka Idjwi

Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana nikifika katikati hutacheka tena. Haya sikusimuliwa na mtu. Niliyaona mwenyewe, mikono yangu ikiwa juu ya usukani, na mwenzangu aliyeyaona bado yu hai kule Miti. Ukipita, muulize.

Nilifika Bukavu nikitokea Kindu, nimekaa juu ya mapipa ya mafuta ya mawese. Lori lilizama kwenye matope kabla ya Shabunda, likazama tena baada yake. Tulisukuma, tukalala chini ya turubai, tukala ndizi za kuchoma za watu tusiowajua. Hata kufika Mwenga, viatu vyangu vilikuwa vimebaki jina tu. Kisha milima ikaanza, na asubuhi moja baridi ikatuamsha, dereva akanyoosha kidole chini: ziwa. Mimi ni mtoto wa mto. Maji ninayoyajua mimi huenda zake. Yale yalikuwa yamekaa tu, kama mtu anayesubiri mgeni.

Nilikuwa nimesoma ufundi hadi mwaka wa nne wa sekondari, kwa hiyo kazi niliipata upesi, katika gereji moja ya Kadutu. Mwenyewe aliitwa Papa Cirimwami, nasi tukimwita Patron. Alikuwa mtu wa sauti kubwa na utani mwingi. Nyuma ya gereji kulikuwa na gari lake la zamani la Kifaransa, lile ambalo watu waliliita kwa namba yake, 403. Bodi bado ilipendeza, lakini ndani kulikuwa kumekufa. Kila mtu alimshauri aliuze kama vyuma. Alikataa, na hapo hakuwa na utani.

Mke wake alifariki njiani, amebebwa katika kipoyi, machela ya miti, mabegani mwa wanaume wanne, siku aliyomzaa binti yao, Furaha. Wabebaji walikimbia kadiri walivyoweza. Hospitali ilikuwa mbali. Wakati huo Furaha alikuwa ameolewa Miti, naye alikuwa na mimba ya kwanza.

“Mujukuu wangu hatazaliwa mu kipoyi,” Patron aliniambia. “Ile gari itatembea. Sikia vizuri, petit, mdogo wangu: itatembea.”

Lakini vipuri vya gari lile havikuwa vikija tena Bukavu. Tulitafuta kila mahali. Ndipo msafiri mmoja akatuambia kwamba pacha wa gari lile yuko kisiwani Idjwi, kwenye shamba la mzungu aliyekwisha kuondoka nchini. Gari kisiwani, pasipo barabara! Lilikuwa na safari moja tu maishani mwake: kutoka nyumba ya juu kilimani kushuka hadi gati, na kupanda tena. Lilizeeka bila kwenda popote. Tukapanda mashua ya mota na spana zetu, tukaenda kulichinja.

Nyumba ile ilikuwa ikilindwa na mjane mmoja, Maman Nabintu. Alikuwa mwembamba, na aliongea huku akiendelea kumenya mihogo.

“Vyote muchukue,” alisema. “Honi hapana. Honi muache.”

“Maman, honi iko na mchumba hapa?” Patron akamtania.

Hakucheka. Alitueleza kwamba mume wake alikuwa na mtumbwi. Mtu akiugua sana shambani, mzungu alimlaza katika gari, akamteremsha hadi gati na kupiga honi. Mume wake, hata akiwa mbali anavua, aliacha nyavu akaja, akamvusha mgonjwa hadi Katana hospitalini. Siku moja ziwa lilichafuka. Mzungu akapiga, akapiga. Mtumbwi ulionekana ukija, kisha haukuonekana.

“Yeye hawezi kusikia ile honi akose kuja,” alisema yule mama. “Namujua.”

Tulifungua sanduku la gia, kabureta, taa, milango miwili, na kiti cha nyuma ambacho ngozi yake ilikuwa bado nzima. Honi niliiacha. Niamini. Lakini tulipofika Bukavu na kumwaga gunia, ilidondoka, imeviringishwa ndani ya shati la Patron.

“Patron! Yule maman alikataza.”

“Chuma haina masikio,” alisema. “Yetu ni bubu, na barabara ya Kavumu imejaa mbuzi. Funga.”

Nikafunga. Siku gari lilipowaka, Kadutu nzima ilitoka kutazama. Patron alizunguka mji akipiga honi kwa kila aliyemwambia auze vyuma. Ilikuwa na sauti nene, kama ng'ombe anayeita ndama. Hakikutokea kitu chochote, nami nikamsahau Maman Nabintu. Leo najua kwa nini hakikutokea kitu. Ndani ya gari hapakuwa na mgonjwa.

Jumapili moja tulikwenda Miti kumtembelea Furaha. Mume wake alikuwa amesafiri kwenda Goma. Tulimkuta ameshika nguzo ya mlango, jasho linamtoka, na majirani wameanza kutafuta miti ya kipoyi. Patron alimbeba mwanawe kama mtoto mdogo, akamlaza kwenye kile kiti cha nyuma. Alikaa mbele kando yangu, nami nikaelekeza gari Katana.

Unadhani mambo haya hutokea usiku wa manane? Jua lilikuwa halijatua. Mvua ilikuwa ikinyesha ile nyembamba isiyo na haraka. Kabla ya Katana, pale barabara inapokaribia ziwa, kundi la mbuzi lilikuwa limeziba njia. Furaha alipiga kelele nyuma. Patron akanyoosha mkono mbele ya kifua changu, akabonyeza honi, akaikandamiza.

Mbuzi walitawanyika. Injini ikazimika.

Niligeuza ufunguo, wapi! Nikafungua boneti, kila kitu mahali pake, kila waya umekaza. Ukungu ulikuwa ukipanda kutoka majini, na ndani yake nikasikia kafi likipiga maji. Pole pole, bila kukosea. Nikarudi ndani nikafunga mlango. Ningefanya nini?

Alikuja kwa miguu kupitia migombani, kafi begani. Mtu wa kawaida kabisa, nakuapia, wa makamo, uso mpole. Ila maji yalimtoka. Simaanishi mvua; maji yalimtoka mikononi na kinywani alipofungua mdomo, kama kitambaa kinachokamuliwa.

“Mulipiga honi,” alisema. “Nilichelewa kidogo, munisamehe. Mugonjwa iko wapi?”

Patron alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili. “Hakuna mugonjwa, ndugu. Rudia kwako tu.”

Yule mtu akainama kwenye dirisha la nyuma. Akakipapasa kiti, taratibu, kama mtu anayetambua kitu chake. “Huyu hapa,” alisema. “Pole, mama. Tutafika.”

“Hospitali iko hapa karibu!” nilipaza sauti. “Katana ni hapo mbele!”

“Hapana. Hospitali iko ng'ambo.” Hakuwa na hasira. Alinihurumia. “Siku zote iko ng'ambo.”

Nikageuka nyuma: Furaha alikuwa ameshika kitasa cha mlango. “Papa,” alisema, “acha niende naye. Iko na mutumbwi. Papa, naumia.”

Patron aliruka nje, akauzuia mlango kwa mgongo wake. Sauti ile kubwa ilikuwa imekwisha. “Chukua gari,” alimwambia yule mtu. “Chukua yote.”

“Gari haiumwi, muzee.”

“Basi chukua honi, urudie nayo.”

“Nikisikia honi, sirudi bila mugonjwa. Nimekuja mbali. Nani aliniita?”

Mvua ikaendelea. Patron alimtazama mwanawe kupitia kioo, akamtazama kwa muda kama anayesoma kitu. Kisha akavua kofia yake.

“Ni mimi nilikuita,” alisema. “Mugonjwa ni mimi. Naumwa.”

“Unaumwa wapi?”

“Hapa.” Akaweka mkono kifuani.

Yule mtu alitikisa kichwa kwa masikitiko, akamshika kiwiko kwa upole. Patron aligeuka kwangu. “Petit, ukisikia naita, usisimame. Endesha.”

Niligusa ufunguo tu, injini ikaitika. Katika kioo niliwaona wakishuka kuelekea majini, mmoja amemtegemeza mwenzake kama tunavyowategemeza wagonjwa. Patron hakuita. Hilo ndilo linaloniamsha hadi leo, kwamba hakuita.

Mtoto alizaliwa jioni ileile mikononi mwa masista wa hospitali ya Katana, wa kiume, mzima. Furaha akampa jina la babu yake.

Patron alionekana kesho yake, kisiwani Idjwi, chini ya gati la shamba. Maman Nabintu ndiye aliyemkuta. Alikuwa amelazwa kwenye majani, amenyooshwa vizuri, mikono imepangwa kifuani, amekufa. Nguo zake zilikuwa kavu. Hakuna mashua iliyovuka ziwa usiku ule, niliwauliza wote.

Nilikwenda kumchukua. Honi nilikuwa nimeibeba. Niliifunga mahali pake katika mifupa ya lile gari, nikakata nyaya zake, nikazisaga kwa jiwe. Maman Nabintu alisimama akitazama. Hakusema “niliwaambia”. Aliuliza tu, “Mume wangu alikuwa namna gani? Alikonda?”

Nilimjibu kwamba uso wake ulikuwa mpole. Akaketi chini akalia.

Sikudumu Bukavu. Naipenda kuliko miji yote niliyopita, na sitarudi. Leo naendesha lori katika nchi kavu ya kusini, na wasafiri wananiita Dereva Bubu kwa sababu sipigi honi kamwe; natoa kichwa dirishani na kupaza sauti, “Pisheni!” Wacheke. Nawe unayenisikiliza, ukienda kulichinja gari lililokufa ili lingine liishi, usiulize tu kama chuma ni kizima. Uliza kilikuwa kikimwita nani.

Siku niliyoondoka, Furaha alinisindikiza hadi malori yanapopakia, mtoto mgongoni. Nilikwisha kupanda. Dereva alitaka kuwaita abiria waliobaki, akapeleka mkono kwenye honi. Furaha alikuwa amesimama kando ya lori, amekesha usiku kucha kwa homa ya mtoto. Mwili wa mtoto ulikuwa moto. Alipouona ule mkono, alipanda kidaraja cha lori akaushika kwa mikono yake miwili.

“Usipige, papa,” alisema. “Nakuomba. Niko na mugonjwa.”

Dereva alimtazama, akanitazama mimi. Sijui aliona nini usoni mwangu. Aliurudisha mkono wake kwenye usukani, tukaondoka kimya kimya, na ziwa likabaki chini yetu limekaa.