Toleo la Tatu Lilipobadilishwa Jina

Kazi yangu ya kwanza ya kueleweka niliipata Kinondoni, kwenye chumba kilichokuwa nyuma ya duka la vipuri vya magari. Duka lilikuwa la mzee mmoja wa ukoo wa Kiarabu, na chumba kile alimwachia mwanawe, aliyekuwa amesomea kompyuta ng'ambo na kurudi na mashine mbili pamoja na printa iliyolia kama cherehani bovu. Ilikuwa miaka ya tisini, biashara zimefunguliwa, maduka yamejaa bidhaa ambazo sie tuliokulia Temeke kwenye foleni za sukari tulikuwa tunazisikia tu. Wenye maduka walikuwa na mali nyingi kuliko walivyoweza kuikumbuka kichwani. Bosi wangu akaona hapo pana nafasi. Akatengeneza programu ya kutunza hesabu za stoo, maneno yake yote ya Kiswahili, akawa anaiuza mwenyewe duka kwa duka.

Mie aliniajiri kwa sababu nilijua kupiga chapa bila kutazama vidole, na kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia vipuri tu. Kazi yangu ilikuwa kuandika kitabu cha maelekezo. Kila mteja alipewa disketi na kitabu. Nilikipenda kitabu kile. Nilikiandika nikimfikiria mama yangu mdogo, ambaye alikuwa anaogopa hata kugusa swichi ya taa: "Washa kompyuta. Subiri. Usiwe na wasiwasi ikinguruma."

Programu ilikwenda kwa namba. Lilitoka Toleo la Kwanza, likaja la Pili, na tulipofika Toleo la Tatu tulikuwa na wateja mpaka Mbagala na Ubungo. Ndipo dada yangu akaolewa, nikaomba ruhusa ya kwenda harusini. Niliporudi kazini nikamkuta bosi anatabasamu peke yake.

"Dada, namba zimepitwa na wakati," akaniambia kabla sijakaa. "Wenzetu huko nje wameshaziacha. Mwaka elfu mbili huo unakuja, nani atanunua kitu kinachoitwa Tatu? Kuanzia sasa linaitwa Toleo la Karne."

"Programu yenyewe imebadilika?"

"Haijabadilika hata nukta. Jina tu."

"Na kitabu?"

"Kitabu nimeshamaliza. Nimeiamuru kompyuta kila ikikuta 'tatu' iweke 'Karne'. Muda wa kunywa maji tu, ikamaliza. Tumepiga fotokopi, na wateja wote wa zamani nimewapelekea bure, wajue jina jipya."

Nikachukua kitabu kimoja mezani. Ukurasa wa kwanza ulikuwa salama. Wa pili ulisema, "Bonyeza mara Karne." Mbele kidogo, "Weka namba ya siri yenye tarakimu Karne." Na sura ya mwisho, ile niliyoiandika kwa uangalifu kuliko zote, ilikuwa na kichwa cha maandishi makubwa: "Jinsi ya KuKarnea Matatizo."

Nikamsomea. Mwanzoni hakuelewa. Nikamwonyesha kwa kidole kwamba ndani ya neno "kutatua" mna "tatu". Tulicheka mpaka baba yake akatoka dukani kuuliza kuna nini. Bosi akafuta machozi, akasema tutarekebisha tukichapa tena, wateja wataelewa tu, ni watu wazima.

Siku chache baadaye simu ikalia. Alikuwa mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Wazo, karibu na kiwanda cha saruji.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Samahani nawasumbua. Hii Karne naipata wapi? Mie kioo changu cha kompyuta kinasema Toleo la Tatu. Nimezima, nimewasha, bado ni Tatu. Halafu kitabu kinasema nibonyeze mara Karne. Nimebonyeza K, nimebonyeza A, R, N, E. Inapiga kelele tu."

Safari hii sikucheka. Nikamwambia nitakuja mwenyewe.

Duka lake lilikuwa na nondo nje, mabati na misumari ndani, na vumbi jeupe juu ya kila kitu isipokuwa kompyuta, ambayo alikuwa ameifunika kwa kitambaa alichokidarizi. Alikuwa ameweka vitabu vyetu viwili mezani, cha zamani na kipya, vimefunguliwa ukurasa mmoja. Nikamweleza kwamba programu yake ni ile ile na hahitaji kununua nyingine, na kwamba kitabu kipya kimebadilishwa na mashine bila mtu kukisoma.

"Kwa hiyo ni jina tu?"

"Ni jina tu, mama."

"Na huku kukarnea?"

"Ni kutatua."

Kwenye kitabu cha zamani akaziba neno kwa kidole, akalifungua kidogo kidogo, "ku", "tatu", "a". Akatabasamu kidogo. Kisha akaketi, akashusha sauti, maana mumewe alikuwa nje anapakia saruji kwenye lori.

"Mie kusoma nimejifunza ukubwani," akasema. "Darasa la watu wazima, nina watoto tayari. Tangu kitabu hiki kije nimekuwa nikidhani kusoma kumenitoka. Sikumwambia mtu. Hata gazeti nimeacha kulishika mbele ya mume wangu, asije akaniuliza limeandikwa nini."

Nilimshika mkono, naye akanipa soda.

Niliporudi Kinondoni nilimkuta bosi ana bisibisi mdomoni, ameifungua printa. Nikamsimulia. Aliitoa bisibisi, akaiweka mezani taratibu.

"Alisema hivyo? Kwamba kumemtoka?"

"Hivyo hivyo."

Halafu akauliza, "Turudishe namba?"

Lakini hilo lisingewezekana. Kulikuwa na wateja wapya waliouziwa disketi zenye jina jipya, na vioo vyao vilishasema Karne. Tukirudisha Tatu, tungewafanyia wao yale tuliyomfanyia mama wa Wazo. Nikamwambia kitabu itabidi kiwafae wote. Ukurasa wa kwanza kabisa uandikwe: "Toleo la Karne ndilo lililokuwa likiitwa Toleo la Tatu. Jina lolote kati ya haya likionekana kwenye kioo chako, kitabu hiki ni chako." Na huko ndani, pale ambapo jina halina kazi, tuseme "programu" tu.

"Itaonekana kama tunaomba radhi," akasema.

"Si ndicho tunachofanya?"

Akacheka, akavuta kiti.

Tulikisoma kitabu chote kwa sauti, mie na karatasi, yeye mbele ya kioo, akihakikisha kila ninachokitamka anakiona. Umeme ulikuwa wa mgao, ukikatika tunatoka nje na kuketi juu ya matairi ya mzee, tunaendelea na penseli. Tukagundua kwamba hata kabla ya Karne mambo hayakuwa yamenyooka. Sura moja niliandika "stoo", nyingine "ghala", wakati ni kitu kimoja. Tuliligombania neno hilo asubuhi nzima. Kila tulipokwama, mmoja wetu aliuliza, "Mama wa Wazo akisoma hapa atafanyaje?" na jibu likaja lenyewe. Stoo ikashinda.

Vitabu vilipokuwa tayari nilivisambaza mwenyewe, Mbagala, Ubungo, mwisho Wazo. Mama yule alikipokea kitabu akiwa amesimama mlangoni. Akafungua ukurasa wa kwanza na kuanza kusoma kwa sauti, neno kwa neno, bila kukwama. Mumewe alisimama na mfuko wa saruji begani, akamsikiliza.

"Unasoma kama mtangazaji wa redio," akamwambia.

"Nyamaza, sijamaliza," akajibu, akaendelea hadi chini.

Mvua za masika zilipokwisha, simu ikalia tena. Sauti yake niliitambua, ila safari hii hakuanza na samahani.

"Mwanangu, kuna ukurasa hapa, juu unasema nibonyeze 'weka', chini yake unasema nibonyeze 'hifadhi'. Ni vitu viwili au kimoja?"

Nikatazama. "Ni kimoja, mama."

"Basi nyie ndio mmekosea. Mie nimesoma sawasawa."

Bosi alikuwa amesikia. Akanyoosha mkono, akaomba simu, akachukua penseli niliyoichomeka nyuma ya sikio langu.

"Shikamoo mama," akasema. "Hebu nisomee huo mstari taratibu, naandika."